Ndege Niliyoiangusha kwa Penseli

Kabla hamjanisikiliza katika jambo lolote, vijana, jueni kwamba niliwahi kuyeyusha sufuria ya mama yangu kwa makusudi. Ilikuwa sufuria ya alumini, ile kubwa ya ugali wa wageni, na niliitia ndani ya tanuru la matofali la jirani yetu pale Kagongwa ili nione ubavu wa ndege ukiungua unakuwaje. Niliona. Alumini haijikunji ikawa nyeusi kama bati la nyumba. Inalegea taratibu, inashuka kama uji mzito, kisha inaganda chini kwa matone yanayong'aa. Nilirudi nyumbani mbio nikaandika sentensi mbili nzuri sana. Mama alipouliza sufuria iko wapi nikamwambia ukweli, na kwa mwezi mzima kila mgeni aliyepikiwa ugali kwenye chungu alielezwa sababu.

Ninyi mnaokuja na madaftari yenu mkiuliza hadithi inaandikwaje, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Niliishia darasa la saba, na mpaka leo ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Kazi yangu ilikuwa kutunza kiwanja cha ndege. Hadithi zilikuja kwa sababu ndege zilikuja mara chache.

Msifikirie kiwanja cha lami. Kilikuwa ukanda wa nyasi nje ya mji, hatua mia nane kwa miguu yangu, na kibanda cha mabati, na mapipa ya mafuta, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Mfuko ule niliushona mwenyewe kwa amerikani, maana ule walioleta uliibwa, na baadaye niliuona sokoni umekuwa suruali. Mara mbili kwa mwezi ilikuja ndege ya daktari kutoka Mwanza: injini moja, mabawa juu, viti sita, nyeupe yenye mstari wa bluu. Daktari aliona wagonjwa pale pale kibandani, na wale wasioweza kusubiri aliondoka nao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jembe na macho. Kufyeka nyasi, kufukia mashimo ya panya, kufukuza ng'ombe. Ng'ombe wa kwetu walikuwa wakisikia injini wanakimbilia katikati ya ukanda badala ya kuukimbia, kwa hiyo unaanza kuwafukuza kabla hujaisikia. Mvua ikinyesha nilitembea ukanda wote nikikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, natandaza mashuka mawili meupe kwa mkato wa msalaba, rubani akiyaona anajua asitue. Na mafuta. Pipa lililolala nje huingiza maji ndani hata likiwa limefungwa. Unalisimamisha siku nzima, unavuta yaliyo juu, unachuja kwa ngozi laini, halafu unakinga kidogo kwenye chupa unaitazama juani. Kama kuna maji, yatakaa chini ya chupa kama kiini cha yai. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikupitisha tone. Hilo ninajivunia kuliko hadithi zote.

Kati ya ndege moja na nyingine palikuwa na siku kumi na nne, na mimi nilikuwa mtu wa aibu. Mazungumzo yakivuka shikamoo na marahaba nilikumbuka kazi mahali pengine. Nikawa naandika kwa penseli. Hadithi yangu ilihusu ndege inayobeba dhahabu kutoka machimboni, inaanguka katika vilima vya Geita, na karani aliyepewa kuilinda ile dhahabu anakufa akiwa ameikumbatia. Mwanzoni niliandika nilivyodhani. Dereva wa ndege alipiga honi. Tairi likapasuka angani. Abiria mmoja akafungua dirisha akaruka, akavunjika kidole.

Nilimpelekea Mwalimu Perpetua. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Ushirombo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, na ndiye aliyesimamia madarasa ya kisomo cha watu wazima jioni kwenye ghala la pamba. Alikuwa akitafuta kitu cha kusomesha watu waliokwisha kujua herufi na kuchoka na habari za mbolea. Alisoma kurasa zangu zote akiwa amesimama, mimi nikitazama viatu vyangu.

"Masalu," akasema, "wanafunzi wangu ni watu wazima. Kuna anayejua ng'ombe, kuna anayejua udongo, kuna aliyechimba dhahabu miaka kumi. Mtu wa namna hiyo ukimpiga honi angani anakufungia daftari. Wewe unafanya kazi na ndege. Nenda kaulize."

Kuuliza ndiko kulikonishinda. Rubani wa ndege ile alikuwa Kapteni Sefu, mtu wa Tanga, mcheshi, aliyetuita sisi wote "watani" na kudai kwamba Kiswahili chetu kimeloa pamba. Ziara mbili zikapita nikiwa na swali mdomoni. Ya tatu, alipokuwa anakagua propela, nikajikaza nikamwuliza ghafla, bila hata salamu, kwamba Kapteni, wewe ungeanguka ungeangukaje.

Aliiachia propela. Halafu akaniuliza kama nimetumwa na mke wake.

Nilipomweleza alicheka mpaka daktari akatoka kibandani na sindano mkononi. Lakini aliweka masharti. Habari za kuanguka hazisemwi injini ikiwa ya moto, na hazisemwi mbele ya ndege. Kwa hiyo kila alipokuja tulikunywa chai kwanza, halafu tukageuza viti, tukaipa ndege mgongo, ndipo akaanza kufundisha. Mkiwaona watu wawili wazima wamekaa wakitazama ukuta wa mabati na kunong'ona, ndio sisi.

Nilijifunza kwamba injini ikizima ndege haidondoki kama jiwe. Inaendelea kwenda huku inashuka, kama baiskeli kwenye mteremko ukiwa hukanyagi pedali. Kwamba kinachomtisha abiria wakati huo si kelele. Kelele inakwisha, na unausikia upepo ambao muda wote ulikuwepo. Kwamba rubani ana dakika chache za kuchagua shamba, na mashamba mazuri ni yale yaliyolimwa karibuni. Anafunga mafuta, anazima umeme, anafungua mlango kidogo kabla ya kugusa chini ili usije ukajipinda na kuwafungia ndani. Na kwamba hapigi honi, kwa kuwa hana.

Mambo mengine niliyatafuta mwenyewe. Nilikaa ndani ya ndege adhuhuri milango imefungwa ili nijue inanuka nini: petroli, plastiki iliyopata jua, na dawa ya kidonda. Nilining'inia kwenye mzani wa pamba ili nijue karani wangu ana uzito gani. Niliandika kila kitu kama kilivyo. Kovu la mlango wa kushoto, pale dume la ng'ombe lilipoupiga pembe, nililiandika. Kiti cha nyuma chenye mshono wa uzi mwekundu, nilichokishona mimi mwenyewe kwa kukosa uzi mweusi, nilimkalisha hapo karani. Hata herufi zilizochorwa ubavuni nilizinakili kwa utaratibu wake. Mwalimu Perpetua alikata stensili, karatasi zikachapwa, kila juma sehemu moja, na ghala la pamba likajaa. Watu walikuja kusoma hata ambao hawakuandikishwa.

Hapo, vijana, ndipo kosa langu lilipo, na wala sikuliona likija. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Dalili ya kwanza ilikuwa wachimbaji wawili waliotokea Geita kwa lori la pamba, na jembe, na karai. Walinisalimia kwa heshima, wakanisifu kwa hadithi, wakazungumza habari za mvua. Mwisho mmoja akavuta kiti karibu akasema hawahitaji maneno mengi, niwaonyeshe tu kilima chenyewe, fungu langu lipo. Nikawaeleza kwamba ndege ile haikuanguka, niliitunga. Wakatazamana.

"Tunakuelewa," yule wa pili akasema. "Hata sisi tungesema hivyo."

Walinipa mkono wakaondoka kuelekea vilimani. Mimi nilicheka jioni nzima. Sikujiuliza, kama watu wazima wawili wamepanda lori kwa ajili ya karatasi zangu, ni nani mwingine anaziamini.

Juma lililofuata ndege ilikuja na kibandani palikuwa na wagonjwa wachache kuliko kawaida. Karibu saa sita likaingia mkokoteni wa ng'ombe. Ndani alilala binti aitwaye Kabula, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, ambaye siku mbili kabla mkokoteni uliosheheni pamba ulikuwa umepinduka ukamlalia mguu. Paja lilikuwa limevimba, na ngozi imepasuka mahali mfupa ulipotaka kutokea. Daktari aliliangalia kwa muda mfupi. Akafunga mbao, akachoma sindano, akasema huyu anakwenda Mwanza leo. Akikaa mpaka safari ijayo mguu utakatwa, na huenda usiwe mguu peke yake. Kapteni Sefu akatazama mawingu upande wa ziwa akasema kama ni leo basi ni ndani ya saa moja.

Mama yake binti akasema hapandi mtu.

Huyu alikuwa Mama Kabula, mjane, mkulima wa pamba, na ndiye msomaji hodari kuliko wote darasani kwa Mwalimu Perpetua. Alianza na a, e, i akiwa bibi tayari. Hadithi yangu ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichosoma bila kusaidiwa, na karatasi zote zilizokwisha kutoka alikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya khanga. Daktari alimsihi. Kapteni alimtania, kisha akaacha kumtania. Yeye akawa anaizunguka ndege. Alipapasa kovu la mlango. Aliinama akasoma herufi za ubavuni moja moja, kwa sauti. Aliingiza kichwa ndani akatazama kiti cha nyuma. Halafu akaniita mwanawe, kwa Kisukuma.

"Masalu, njoo hapa, ng'wana wane."

Nilikwenda. Ningeweza ningejificha nyuma ya mapipa.

"Mwangaluka, mayu," nikasema, yaani umeamkaje mama, na ilikuwa imeshapita saa sita mchana.

"Mlango una kovu, uliandika. Lipo. Kiti kina uzi mwekundu, uliandika. Upo. Herufi ni hizi hizi. Harufu ni hii hii, dawa na petroli. Nimekagua kila ulichoandika na hukunidanganya hata mahali pamoja." Akanitazama usoni. "Sasa niambie, uongo unaanzia wapi?"

Nikamwambia unaanzia pale injini inapokohoa.

"Kwa nini pale?"

"Kwa sababu bila pale hakuna hadithi, mayu."

"Wewe ndiwe unayeweka mafuta. Unajua injini inakohoa kwa kitu gani. Umeliandika hilo kama mtu aliyelitengeneza."

Nilichoweza ni kwenda kibandani kuchukua chupa ya mafuta niliyokinga asubuhi ile. Nikaiinua juani mbele yake. Alitazama chini ya chupa muda mrefu, akaigeuza, akatazama tena. Ndani ya mkokoteni Kabula alikuwa anauma kona ya khanga yake asilie mbele ya watu. Kapteni alikuwa amekwisha kutoa viti vya upande mmoja ili machela ilale. Mawingu hayakutusubiri.

"Wewe umewahi kupanda?" Mama Kabula akaniuliza.

Swali lile liliniumiza. Nilikuwa na miaka tisa pale kiwanjani na sikuwahi kuinuka juu ya ardhi kuliko ngazi ya kufungia ule mfuko wa upepo. Mara mbili Kapteni alitaka kunizungusha, mara mbili nilisingizia nyasi. Nikatikisa kichwa.

"Basi leo utapanda. Kama ni uongo, utakaa kile kiti ulichomkalisha karani wako. Mimi nitakaa mbele yako, mwanangu atalala pembeni yangu. Usipopanda, naswaga ng'ombe narudi nyumbani."

Nilimtazama Kapteni nikitumaini atasema uzito umezidi. Akasema uzito wangu anaujua, upo sura ya pili, karibu ndani.

Nikapanda. Daktari alibaki na wagonjwa wake. Nilikaa kwenye uzi mwekundu, mkanda nikaufunga mara mbili. Nyasi nilizozifyeka kwa mikono yangu zilipita mbio dirishani, halafu zikaacha kupita, na tumbo langu likabaki Kagongwa.

Nawaambia hivi: karibu kila nilichoandika kuhusu huko juu kilikuwa hakifai. Niliandika kwamba watu huonekana kama sisimizi. Watu huwaoni. Unaona paa za mabati zinavyomeremeta moja moja, na njia za ng'ombe, nyeupe, zote zinakimbilia kwenye maji kama mistari ya kiganja. Niliandika abiria wanapiga kelele. Sisi tulikuwa kimya kama watu wanaosikiliza hukumu. Kabula peke yake, kwa ile sindano, alitabasamu akasema kwa Kisukuma kwamba mkokoteni huu hauna mawe.

Tulikuwa tumeanza kuliona ziwa mlio wa injini uliposhuka ghafla. Mama Kabula aligeuza shingo, akanikazia macho, akasema kwa nguvu ili nimsikie:

"Masalu. Ni hapa?"

Kama ningesita, ningemwua yule mama kwa hofu, na mkono wake ulikuwa juu ya binti yake. Nikasikiliza. Na pale ndipo zile chai zote tulizokunywa tukitazama ukuta wa mabati ziliponifaa. Mlio ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa sawasawa, haukatiki.

"Hapana, mayu. Ya kwangu ilikohoa. Hii amepunguza mwenyewe. Tunashuka Mwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akamwinamia Kabula akamwambia kama alivyoambiwa, neno kwa neno, kwa Kisukuma. Kapteni Sefu, ambaye alikuwa hageuki, aliinua kidole gumba.

Tulitua. Gari lilikuwa linasubiri. Walipokwisha kuishusha machela, Mama Kabula alisimama mlangoni lakini hakushuka.

"Niachie khanga yangu," akasema.

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika pindo la khanga yake mgongoni tangu Kagongwa, vidole vimekufa ganzi, ikabidi nivifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

"Hili hukuliandika," akaniambia. "Karani wako ulimshikisha dhahabu. Mtu akiogopa anamshika mtu."

Vijana, mimi nimefundishwa uandishi na watu watatu, na huyo ndiye wa tatu. Nilirudi siku ile ile na ndege ile ile, safari hiyo mikono yangu ikiwa mapajani, na jioni nikaifuta sehemu nzima ya karani kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Ilibaki sehemu ya mwisho, ya kuanguka kwenyewe, maana zilizotoka ziliishia injini ikikohoa juu ya vilima vya Geita. Herufi za ubavuni nilizibadilisha, mstari wa bluu nikaufanya kijani, uzi mwekundu nikauondoa, maana ndege ya daktari ilihitajiwa na watu walio hai. Nawasihi mfanye hivyo: chukueni ukweli wote mnaoutaka, lakini jina la kitu ambacho watu wanakitegemea liacheni mlipolikuta. Mwalimu Perpetua alitaka twende mbali zaidi. Alishauri ndege itue salama, karani asali, watu watulie. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini Kapteni alipokuja alileta ujumbe wa mdomo kutoka hospitali, ambako mfupa ulikuwa umeungwa na mguu wa Kabula unaning'inia kwenye kamba na mawe ya uzito. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda siku zote hizo hana kipya cha kusoma.

"Amesema usiiguse," Kapteni akanieleza. "Amesema, mwambie Masalu ianguke. Mimi nimekwisha kupanda, sasa naweza kusoma."

Ikaanguka. Niliiangusha vizuri, kwa siku kumi na moja, upepo ukisikika, mlango umefunguliwa kidogo, karani amemshika rubani bega. Kapteni akazipeleka karatasi Mwanza.

Kabula alirudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili, wa kulia ukiburura kidogo wakati wa baridi, na alilima pamba miaka mingi. Yeye ndiye aliyenisimulia yaliyotokea wodini. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya vitanda, karatasi mkononi, anasoma hadithi tangu mwanzo kwa sauti ya kanisani, na wodi nzima imenyamaza, hata waliokuwa wanaugua. Alipofika pale injini inapokohoa, muuguzi wa zamu aliingia mbio akamshika mkono, akamwomba kwa heshima zote anyamaze kidogo, robo saa tu, mpaka wale wagonjwa wawili wa Kahama watakapokuwa wamekwisha kupelekwa kwenye ndege.